Uzi maalumu: Unaposubu kwa nta, umimine metali gani? Kopa, brasi, bronzi au aluminiamu

#1 Kalibu_Kavu

Wakuu, habari zenu. Kwa wageni: kusubu kwa nta ni kutengeneza umbo kwa nta, kulifunika kwa plasta (hiyo ndiyo kalibu), kuiyeyusha nta itoke, halafu kumimina metali kwenye nafasi iliyobaki. Swali la "nimimine metali gani" linarudi kila mara, na jibu huwa neno moja: shaba. Kwenye kazi ya nta neno hilo halitoshi, kwa sababu Kiswahili chetu kimeweka vitu vitatu chini ya jina moja. Kuna kopa, ile nyekundu ya nyaya za umeme. Kuna brasi, ya njano, ambayo ni kopa na zinki. Halafu kuna bronzi, ambayo ni kopa na bati (stani), na siku hizi pia kopa na silikoni. Hata ile medali ya shaba ya mshindi wa tatu kwa jina lake halisi ni ya bronzi. Mwambie muuza vyuma chakavu "nipe shaba kilo tano" uone: atakuchotea vyote vitatu kwenye gunia moja. Kila kimoja kina joto lake la kuyeyuka na namna yake ya kutiririka na kuganda, na kalibu uliyoihangaikia siku nne haitakusamehe.

Nianze na kopa tupu, maana ndiyo inayotamanisha wengi kwa kuwa nyaya zinapatikana. Inayeyuka 1085°C. Ikiwa majimaji inanywa oksijeni na haidrojeni kwa wingi, na ikianza kuganda inazitapika. Utaona kikombe cha kumiminia, yaani mdomo wa kalibu, kinavimba juu badala ya kubonyea, na ukikata ndani ni vitundu kama mkate. Tena ni nzito kutiririka, haipendi kuingia kwenye vidole na mikunjo. Wasubu wa Ife, Nigeria, waliimudu: kinyago kinachoitwa Obalufon ni karibu kopa tupu, na ndiyo maana wanaojua kazi hii wanakistaajabia hadi leo. Zile sanamu za Benin ambazo dunia inaziita bronzi, nyingi ni brasi. Kwa hiyo jina la kitu lisikuongoze, angalia kilichomo.

Pendekezo langu kwa mtu mwenye tanuri la mkaa na kipulizo, anayesubu vitu vya kilo 1 hadi 5: bronzi ya 88-10-2. Yaani kopa 88, bati 10, zinki 2. Inaanza kuganda karibu 1000°C na kumaliza karibu 855°C, inatiririka vizuri, haina risasi, na inavumilia hewa ya bahari. Kwa chungu (chombo cha kuyeyushia) cha kilo 5:

- kopa safi, kilo 4.4
- bati, gramu 500
- zinki, gramu 110 (hizo 10 za ziada ni za kufidia zitakazopotea kama moshi)
- kopa-fosforasi ya 15%, gramu 5 hadi 7

Kopa inatangulia, juu yake vipande vya mkaa mkavu vya kuifunika. Ikishayeyuka yote na kufika karibu 1150°C, tia kopa-fosforasi na koroga kwa fimbo ya grafiti. Hii inaondoa oksijeni KABLA ya bati kuingia. Ukitanguliza bati, oksijeni inaishika na kutengeneza chembe ngumu za oksaidi ambazo hazitoki tena. Utakutana nazo unapopiga tupa. Baada ya hapo tia bati, halafu zinki uliyoipasha moto ukiizamisha chini kwa koleo. Koroga, ondoa takataka za juu, pima joto, mimina kati ya 1100 na 1150°C. Usiiache chungu kikatokota huku unatafuta glavu. Kila dakika inayozidi motoni ni gesi inayoingia.

#2 FundiPwani

Mkuu Kalibu umeanza vizuri, nami naongezea upande wa pwani, maana huku metali inakula chumvi usiku na mchana.

Brasi yenye zinki zaidi ya 15% ikikaa kwenye hewa ya bahari inapoteza zinki yake taratibu. Kwa macho utaona mabaka ya waridi juu ya njano. Chini ya baka metali imebaki kama sifongo ya kopa, ukigonga inavunjika. Sasa bomba za kufungulia maji na kufuli nyingi za brasi zina zinki karibu 40%. Mtu anayeyusha kufuli, anasubu njumu za mlango, anazipigilia Stone Town au Lamu mahali panapopigwa na upepo wa kusi, halafu analaumu plasta ya kalibu.

Ukitaka njumu zenye rangi ya dhahabu na zidumu, tumia kopa 85 na zinki 15. Rangi yake ni dhahabu yenye wekundu kidogo, inang'arishika, na iko kwenye mpaka salama. Inaanza kuganda karibu 1025°C, hivyo inadai moto mkali kuliko brasi ya 60-40 inayoridhika na 900 na kitu. Mwenye kutaka njano kali ajue analipia kwa ulinzi: chini ya paa, mbali na dawa ya chumvi, na kupakwa nta au vanishi.

Na huku kwetu kazi ya nta si ngeni. Siwa ya shaba ya Lamu, baragumu lile kubwa la kifalme, limesubiwa kwa nta.

#3 Mwanagenzi_Ksm

Asanteni sana wakuu. Maswali mawili. Bati la kilo nzima nalipata wapi, naweza kukata mabati ya zamani ya kuezekea? Na nikiwa na rundo la vipande vya njano na vyekundu mchanganyiko, najuaje kipi ni kipi bila maabara?

#4 ChunguNamba10

La kwanza: bati la kuezekea SI bati kwa maana hii. Ni chuma cha pua... hapana, narekebisha kabla hamjaninukuu: ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki, au zinki na aluminiamu. Usiliweke kwenye chungu hata kidogo. Bati tunalolitaka ni stani, metali nyeupe laini inayoyeyuka 232°C, ambayo madini yake yanachimbwa Kyerwa mkoani Kagera, Rwanda na Kivu. Madini ghafi nayo hayakusaidii, unahitaji ingoti (kipande cha metali kilichomiminwa) iliyosafishwa. Njia ya mkato inayokubalika ni waya wa lehemu usio na risasi, ulioandikwa Sn99.3Cu0.7. Hiyo ni 99.3% bati na kilichobaki ni kopa, ambayo ungeitia hata hivyo. Iyeyushe pembeni kwanza kwenye kikopo cha chuma, dawa ya ndani yake iungue, kwangua takataka, mimina vipande vidogo. Lehemu ya kawaida ya 60/40 ina risasi 40%. Gramu 500 zake zinakuingizia gramu 200 za risasi bila wewe kujua.

La pili: pima uzito wa ujazo. Unahitaji mizani ya jikoni inayosoma gramu, uzi, na ndoo ya maji. Pima kipande hewani. Kisha kining'inize kwenye uzi kikiwa kimezama chote ndani ya maji, kisiguse ndoo, upime tena. Gawanya uzito wa hewani kwa tofauti ya vipimo viwili. Mfano: hewani gramu 428, majini gramu 377. Tofauti ni 51. 428 kwa 51 ni 8.39. Hapo umekaribia brasi ya 60-40 au bronzi ya silikoni.

Kopa ni 8.9. Bronzi ya bati 8.7 hadi 8.8. Bronzi ya aluminiamu 7.6 hivi. Ile zinki ya kusubu ya mabomba ya bei rahisi yaliyopakwa kromu ni 6.7, na huyo ndiye adui mkubwa, nitarudi kwake. Kipande kiwe kizima kisicho na tundu la ndani, vinginevyo hewa iliyofungwa inakudanganya.

Ukibaki na shaka kati ya 8.39 mbili, toboa kwa drili. Brasi ya bomba imewekewa risasi ili ichongeke kwa urahisi, kwa hiyo inatoa chenga fupi zinazoruka kama mchanga. Bronzi ya silikoni inatoa nyuzi ndefu zilizojikunja. Njia nyingine: pasha ncha ya kipande kwa tochi ya gesi mpaka ianze kulegea. Moshi mweupe mzito na unga kama pamba pembeni ni zinki.

Kutambua bati, chukua unga wa tupa kidogo, dondoshea asidi ya naitriki nje penye upepo, glavu na miwani vikiwa mahali pake. Brasi inayeyuka yote ikabaki maji ya buluu au kijani. Bronzi ya bati inaacha unga mweupe chini.

#5 Kalibu_Kavu

ChunguNamba10 hapo umegonga penyewe. Naongeza vyanzo vya vyuma chakavu ninavyoviamini na nisivyoviamini.

Nyaya za umeme zilizomenywa kwa kisu ni kopa safi kuliko kitu chochote cha mtaani. Zilizochomwa moto zinabaki na masizi na klorini ya plastiki. Zioshe na kuzisugua, au ziache. Halafu waya uliochomwa unauliza swali jingine: umetoka wapi? Kenya wana Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 na huwezi kufanya biashara hiyo bila leseni. Tanzania nako waya wa umeme au wa simu ulioibwa ni kesi. Nunua kwa mwenye leseni na udai risiti.

Bushi za magari na mashine mara nyingi ni bronzi yenye risasi, aina ya kopa 83, bati 7, risasi 7, zinki 3. Inatiririka vizuri mno na inachongeka kama jibini. Kwa sanamu ya bustani inafaa, ila moshi wake una risasi na kitu chenyewe kisiguse chakula wala mdomo wa mtoto.

Propela za boti ziache. Zinaitwa bronzi lakini nyingi ni ama brasi yenye manganizi ama bronzi ya aluminiamu na nikeli. Aluminiamu inatengeneza ngozi ya oksaidi kila metali inapopinduka, na ile ngozi ikikunjwa ndani ya kalibu inakuwa ufa uliojificha.

Anodi za zinki za meli msizitumie kama chanzo cha zinki, ingawa zinauzwa kwa jina hilo hilo. Zimewekewa aluminiamu kidogo, na nyingine kadimiamu, ambayo moshi wake unaua. Tafuta ingoti ya zinki ya 99.9%.

#6 NtaYaNyuki

Wakuu kwa heshima zote, napinga pendekezo la kwanza. Kwa mtu wa sanamu, bronzi ya silikoni ndiyo metali ya kuanzia. Kopa 95, silikoni 4, manganizi 1. Nyumba za kusubu sanamu Marekani zimehamia huko kwa sababu za msingi:

Haihitaji kopa-fosforasi. Silikoni yenyewe inaondoa oksijeni.

Inaanza kuganda karibu 915°C, kwa hiyo tanuri dogo linaifikisha 1050 hadi 1100°C bila kuteseka, na plasta yako inapumua.

Inachomeleka. Sanamu ya mita moja haisubiwi kwa kipande kimoja. Unaikata, unasubu mikono peke yake na kichwa peke yake, unaunganisha kwa TIG (kuchomelea kwa umeme na gesi ya kukinga) na waya wa metali ile ile. Mshono ukishapigwa tupa hauonekani, na ukiipaka dawa ya rangi unashika sawasawa. Jaribu hivyo na bronzi yenye risasi uone inavyotema na kupasuka.

Haina risasi wala zinki nyingi. Mapafu yako yatakushukuru.

#7 ChunguNamba10

NtaYaNyuki yote uliyosema ni kweli, na hakuna hata moja linalojibu swali la upatikanaji. Mtu wa Kisumu au Mwanza hapati ingoti ya 95-4-1 dukani. Kitakachotokea ni atapata kipande kimoja, atakiongeza kwenye bushi zake, na hapo ndipo balaa.

Silikoni na risasi hazikai chungu kimoja. Bronzi yenye risasi ikiingiliwa na silikoni au aluminiamu, hata kwa kiasi cha sehemu moja katika elfu kumi, uso unatoka na ukungu mweupe wa takataka na ndani panavuja. Kinyume chake, risasi ikiingia kwenye bronzi ya silikoni, metali inakuwa dhaifu ikiwa bado ya moto na inapasuka kwenye kona wakati inasinyaa. Ndiyo maana nilimwita lile bomba la bei rahisi adui: zinki yake ina aluminiamu karibu 4%. Bomba moja la gramu 300 ndani ya kilo 10 za bronzi linaleta gramu 12 za aluminiamu. Chungu chote kimekwisha.

#8 NtaYaNyuki

Hoja imepokelewa, na kwenye kuchanganya tuko pamoja kabisa. Kuhusu upatikanaji, njia ipo: fimbo za TIG zenye alama ERCuSi-A, zinazouzwa kwenye maduka makubwa ya vifaa vya kuchomelea. Ni kopa yenye silikoni kama 3% na manganizi 1%. Kwa kuwa silikoni yake iko chini, inaanza kuganda juu zaidi, karibu 1025°C, kwa hiyo mimina 1120 hadi 1150°C. Bei kwa kilo inauma. Kwa medali, kishikio cha mlango au kinyago cha gramu 400, bei hiyo ni ndogo kuliko kurudia kazi mara tatu.

Kasoro yake niitaje mwenyewe: inasinyaa sana, karibu 2% kwa urefu, na sehemu nene iliyokaa baina ya nyembamba mbili inachanika. Weka mfereji (njia ya kupitishia metali) mnene moja kwa moja kwenye sehemu nene, na ndani ya kona yoyote ya nta paka duara dogo la nta, isiwe kona kali.

#9 Kalibu_Kavu

Sawa mkuu, nakubali marekebisho. Sanamu ya kuunganishwa: silikoni, ukiwa na hela ya metali safi. Kitu cha kipande kimoja, chenye kukaa nje pwani, kutoka nyaya na lehemu: 88-10-2. Kuchanganya hizo mbili: kamwe. Kila familia na chungu chake, kiandike kwa chaki ya udongo. Aluminiamu nayo chungu chake.

#10 Mwanagenzi_Ksm

Mmegusa aluminiamu. Naona wengi wanaanza nayo kwa sababu makopo ya soda ni bure. Je, kwa nta inafaa?

#11 MkaaMkavu

Inafaa, ila si makopo. Kopo ni aluminiamu nyembamba yenye rangi na vanishi, karibu yote ni uso, na uso wa aluminiamu ni oksaidi. Sehemu kubwa inaishia kuwa majivu. Isitoshe ile ni aloi (mchanganyiko wa metali) ya kukunjwa, si ya kumiminwa. Fremu za madirisha zina shida hiyo hiyo: hazitiririki, zinapasuka zikiganda.

Tafuta rimu ya gari ya aluminiamu. Nyingi zina silikoni kama 7%, na silikoni ndiyo inayoifanya iingie kwenye kila unyoya wa nta yako. Pistoni zina silikoni zaidi, zinajaza vizuri, ila ni ngumu na zinavunjika badala ya kupinda. Ondoa risasi za kusawazisha gurudumu na valvu kabla ya kukata.

Mimina 700 hadi 740°C, usivuke 760. Adui hapa ni haidrojeni itokayo kwenye maji: mkaa wenye unyevu, koleo lililolala nje, plasta ambayo haijakauka. Kalibu iwe 200 hadi 250°C wakati wa kumimina. Kipande kisipungue milimita 4 unene. Kikopo cha chuma kinaweza kutumika kuyeyushia aluminiamu kikipakwa ndani udongo mweupe au chokaa, ila USIKITUMIE kwa shaba ya aina yoyote. Kwenye 1100°C kitako kitaondoka na metali itamwagikia miguuni.

#12 BintSonara

Nipite haraka na fedha, maana kuna wanaosubu pete. Gramu 925 za fedha safi, gramu 75 za kopa safi, basi. Inaanza kuganda karibu 900°C, mimina 960 hadi 1000. Kopa iwe ya waya wa umeme uliosuguliwa, si kipande cha bomba. Boraksi kidogo tu juu, na ncha ya moto iwe na gesi nyingi kuliko hewa. Oksijeni ikiingia, kopa iliyomo inaungua chini ya uso na kuacha vivuli vya zambarau visivyotoka kwa kung'arisha. Mabaki ya miti ya kumiminia (ile mifereji iliyoganda) tumia tena, ila nusu yake iwe fedha mpya.

#13 Mwanagenzi_Ksm

Nashukuru dada. Sasa swali la mwisho kabla sijawasha moto: plasta ya kawaida inahimili bronzi? Na joto la kalibu linategemea metali?

#14 Kalibu_Kavu

Linategemea metali na unene wa kitu, na hapa ndipo uchaguzi wa metali unapoamuliwa na kalibu uliyo nayo.

Kalibu ya jasi ni plasta kilo 1 na unga wa silika kilo 1, maji karibu lita 1 (anza na 0.9, iwe kama uji mwepesi). Plasta iwe ile ya kusubia, si ya kusawazishia dari, maana ya dari ina viungo vya kuichelewesha kuganda. Unga wa silika unaharibu mapafu moja kwa moja, vaa barakoa ya vumbi iliyobana. Jasi yenyewe huanza kuvunjika kalibu ikipita 750°C, na mapema zaidi kama masizi ya nta yamebaki ndani. Ikivunjika inatoa gesi ya salfa, na hiyo inaingia kwenye metali. Kwa aluminiamu, fedha, brasi na bronzi inatosha. Chuma cha pua kisahau kabisa, kinadai kalibu ya kauri.

Kuitoa nta: kalibu kichwa chini, 150°C kwa saa 2 mpaka mvuke uishe. Panda polepole, hasa karibu 270°C na tena karibu 573°C, kwa kuwa hapo silika inabadili umbo lake na kuvimba ghafla. Anayekimbiza moto hapo anapata nyufa, na kila ufa utakuwa pezi la metali kwenye kazi. Fika 700 hadi 730°C, kaa saa 3 au zaidi kwa kalibu kubwa, mpaka mdomo wa kalibu uwe mweupe bila weusi hata doa. Kisha shusha: bronzi nyembamba ya milimita 3, kalibu 550 hadi 600°C. Bronzi nene, 400 hadi 450. Brasi, 400 hivi.

#15 Msomaji_Kimya

Wakuu, nisaidieni kusoma kasoro hizi. Bronzi ya 90-10 kutoka waya na bati. Kwanza, juu ya uso kuna vishanga vyeupe vigumu kama jasho. Pili, shingo ya sanamu ina kishimo chenye kuta mbaya, kama kimetafunwa. Tatu, mkono mmoja haukujaa, ncha yake ni ya duara laini.

#16 ChunguNamba10

Matatu hayo yana sababu tatu tofauti, usiyatibu kwa dawa moja.

Vishanga vyeupe ni jasho la bati kweli. Bronzi ya bati inaganda kwa masafa marefu, karibu nyuzi 150. Kopa inaganda kwanza, maji yaliyobaki yanajaa bati. Kama kuna gesi ndani, inayasukuma nje kupitia vinjia vya uso. Kwa hiyo metali ilinywa gesi, au kalibu ilikuwa ya moto mno ikachelewa kuganda. Mkaa mkavu, kopa-fosforasi, kalibu ishuke nyuzi 100.

Shingo iliyotafunwa ni kusinyaa. Kichwa kinene kilikuwa kinaomba metali, na shingo nyembamba ikaganda mapema ikafunga njia. Kilichobaki majimaji kikanyonywa kutoka kwenye shingo. Weka mfereji wa pili moja kwa moja kichwani, mnene kuliko shingo, uende hadi kwenye kikombe. Ujue pia brasi ingekuonyesha kasoro hii kwa sura nyingine: yenyewe inaganda kwa masafa mafupi, kwa hiyo inachimba shimo moja kubwa juu, wakati bronzi inatawanya vitundu vidogo. Brasi inataka kikombe kikubwa kilichojaa, bronzi inataka mifereji mingi iliyo karibu.

Ncha ya duara ni baridi au hewa. Kama ncha ni laini na inang'aa, hewa haikupata pa kutokea: weka kipumulio cha nta cha milimita 2 hadi 3 kwenye ncha ya kidole. Kama ncha ina mikunjo kama ngozi, metali ilipoa: ongeza nyuzi 30 kwenye metali kwanza, ikishindikana ongeza kalibu.

#17 FundiPwani

Kuna jambo limepitwa. Anayechagua brasi anachagua na moshi wake. Zinki inachemka 907°C, na brasi ya 85-15 unaimimina juu ya hapo sana. Ule moshi mweupe ukivutwa, baada ya saa 4 hadi 12 inakuja homa, baridi, maumivu ya viungo, ladha ya chuma mdomoni. Mtu anadhani ni malaria. Maziwa hayazuii, ingawa imani hiyo imeenea karakana nyingi. Kinachozuia ni kukaa upande unaotoka upepo, barakoa ya kichujio cha moshi wa metali, na tabaka la vioo vilivyosagwa au boraksi juu ya metali ili zinki isitoke.

Na sakafu ya saruji usimiminie juu yake. Tone la bronzi likiangukia saruji, maji yaliyofungwa ndani yanageuka mvuke na kurusha vipande usoni. Tandaza mchanga mkavu wa sentimita 5.

#18 Mwanagenzi_Ksm

Nimeelewa, naenda na 88-10-2. Mti wangu wa nta pamoja na mifereji una gramu 130. Niyeyushe kiasi gani?

#19 Kalibu_Kavu

Uzito wa ujazo wa nta ni kama 0.96 na wa bronzi hiyo ni 8.8, kwa hiyo zidisha kwa 9.2. Gramu 130 zinakuwa kama 1,200. Kikombe cha kumiminia ongeza gramu 250, na takataka pamoja na kinachong'ang'ania chungu gramu 100. Yeyusha gramu 1,550: kopa 1,364, bati 155, zinki 31 na tatu za kupotea, kopa-fosforasi gramu 2. (Kwa brasi ungezidisha kwa 8.9, aluminiamu 2.8, fedha ya 925 kwa 10.8.)

Andaa shimo dogo la mchanga mkavu au kalibu ya chuma iliyopashwa moto pembeni kwa ajili ya kitakachobaki. Kikigandia ndani ya chungu, moto wa safari ijayo utakivimbisha kabla chungu hakijapanuka, na chungu kitapasuka. Ukikitoa kama ingoti, kigonge herufi na tarehe kingali cha moto.